Mrejesho: studio sikuiacha, na chuoni nafundisha

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza kama niache studio yangu ya Ntinda, hapa Kampala, nikafundishe uhandisi wa sauti chuoni. Wengi mlinisihi nisiiache. Asanteni sana! Nafundisha siku mbili kwa wiki, zilizobaki narekodi.

Somo la sampuli, yaani vipimo vya sauti ambavyo mashine huchukua mara nyingi kila sekunde, ndilo nililoliogopa. Nikawarekodia wanafunzi adungu, kinubi cha Uganda, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha 8,000. Mara ya pili mng'ao wa nyuzi ukapotea kabisa, wakaelewa wenyewe: sikio husikia hadi karibu hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na sampuli za kila sekunde lazima zizidi maradufu ya mitetemo ya juu kabisa unayotaka kurekodi.

Malipo ya chuo huchelewa, hilo linaniumiza. Ila wanafunzi wawili sasa wananisaidia kuchanganya sauti studio, na wana masikio hasa.