Tupeane uzoefu: sikio lako lilianzaje kuisoma Morse?

Mleta mada, Dodoma mjini

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Hapa mjini kuna vijana wa chuo wanaojifunza Morse, yaani herufi zinazopigwa kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari), kwa kupenda kwao tu, kwa sababu tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003, kila nchi huamua yenyewe kama mwombaji wa leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi wanaowasiliana kwa kupenda bila biashara, atapimwa Morse, na nyingi zimeuacha mtihani huo. Swali lao si la antena wala la mashine; wanataka kujua ni lini na kwa njia gani mlio unageuka kuwa herufi kichwani bila mtu kuhesabu nukta na mistari. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomtokea yeye mwenyewe, si yale aliyoyasoma.

Mchangiaji wa Manyoni

Mimi niliisikia Morse kabla sijajua kusoma. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa simu za maandishi (telegrafu) kwenye Reli ya Kati, reli ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na chombo chake hakikulia mlio mrefu kama redio zetu za leo. Kilitoa vishindo viwili, cha kushuka na cha kupanda, na muda uliopita kati ya vishindo hivyo ndio uliomwambia kama ni nukta au ni mstari. Aliweza kuzungumza na abiria dirishani huku mkono wake ukiandika ujumbe unaoingia, jambo ambalo sisi watoto tuliliona kuwa uchawi. Nyumbani kila mtoto alikuwa na herufi yake ya kuitiwa: baba aligonga meza kwa ncha ya kidole kuwa nukta na kuburuza ukucha kuwa mstari. Yangu ilikuwa R, fupi, ndefu, fupi, na mpaka leo nikiisikia hewani nageuka kabla sijafikiri. Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana ni waanze na herufi zinazowahusu, yaani za majina yao na za watu wanaowapenda, kwa sababu sikio halisahau linapoitwa.

Mwalimu, Mpwapwa

Mzee wa Manyoni, shikamoo. Wengi wetu hatukujaliwa baba wa namna hiyo, basi nieleze njia ya sisi tulioanza ukubwani. Mstari mmoja una urefu wa nukta tatu, nafasi kati ya herufi ni nukta tatu, na kati ya maneno ni nukta saba; kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 60 tu. Hakuna akili inayoweza kuhesabu kwa kasi hiyo, na hapo ndipo ilipo siri ya njia ya Mjerumani Ludwig Koch: unaanza na herufi mbili pekee, kwa kawaida K na M, zikipigwa kwa kasi kamili, na huongezi ya tatu mpaka uwe unapatia angalau tisa katika kila kumi. Ukianza polepole unajizoeza kuhesabu, kisha itakubidi uisahau hesabu hiyo, na kuisahau ni kugumu kuliko kujifunza. Wanafunzi wangu wa Kigogo walinielewa mara moja nilipowaambia kwamba hakuna anayehesabu mapigo ya muheme, ngoma yao ya Kigogo, ili ajue ni ngoma gani inayochezwa. Jedwali la nukta na mistari ukutani mimi nimelibandua.

Mchangiaji wa Singida

Kuna programu za simu zinazosoma Morse zenyewe. Kwa nini tuhangaike?

Mchangiaji wa Kongwa

Ndugu yangu wa Singida, ijaribu programu hiyo mwezi wa Januari, mawingu yakiwa yametanda na radi zikipasuka kila upande, halafu uje utueleze imeandika nini. Mimi sikio langu lilifunguka katika kelele hizo hizo. Natumia wati tano, betri ya gari, na waya wa karibu mita 20 uliofungwa kwenye mbuyu, ambao ni nusu ya wimbi kwa megahezi saba. Sauti ya mtu inahitaji nafasi ya hezi 2,400 hivi, lakini Morse inatosheka na chujio la hezi 500 au chini yake, hivyo sehemu kubwa ya kelele inabaki nje. Jioni moja, jua likizama, nilimsikia mtu wa Italia akizama na kuibuka katika ngurumo. Nilipata herufi mbili, nikapoteza moja, nikamwomba arudie, na aliporudia nilitambua kwamba nilikuwa nimeijua ile iliyopotea kutokana na umbo la neno zima. Mwalimu ana haki kuhusu herufi, ila mazoezi ya chumbani yenye mlio safi yasiwe marefu mno. Waingie mawimbini mapema.

Mwanafunzi, Dodoma

Kaka wa Kongwa, nakubaliana nawe, na kwa asiye na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuna pa kusikiliza bila kupiga chochote. Kwenye kilohezi 14,100 kuna mtandao wa vituo vya ishara 18 duniani, vinavyopokezana kwa sekunde kumi kumi, hivyo mzunguko mzima unakwisha kwa dakika tatu. Kila kimoja hutaja alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, kwa mwendo wa maneno 22 kwa dakika, kisha hupiga mistari minne ya sekunde moja moja, wa kwanza kwa wati 100, na inayofuata kwa wati kumi, moja, na sehemu ya kumi ya wati. Mimi nilianza kwa kuitambua ZS6DN ya Afrika Kusini, kisha 4X6TU ya Israel, kisha OH2B ya Finland. Sasa naandika alama hizo bila kuangalia ratiba, na mistari minne inaniambia jinsi anga linavyopitisha mawimbi: nikisikia mpaka ule wa wati moja kutoka Finland, najua Ulaya iko wazi na namwita mwenye leseni aje mezani.