Vigeu legevu vya atomiki: viachwe wazi kwa kila mwandishi wa programu, au mlango ufungwe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna hoja imenikaa kooni tangu mwaka jana na leo naileta mezani. Nasema lugha ya programu haina sababu ya kumpa mwandishi wa kawaida vigeu vya atomiki (vinavyoguswa na nyuzi kadhaa bila kusomwa nusunusu) vilivyo legevu, yaani vile ambavyo prosesa na kompaila (programu inayogeuza mistari yetu kuwa amri za prosesa) ziko huru kuvipangua zitakavyo kati ya vigeu vingine. C++ ilivileta mwaka 2011, Rust ikafuata njia hiyohiyo. Naona zote zilikosea na Go ndiyo iliyopatia, maana atomiki zake zote hutunza mfuatano kamili. Tangu toleo la 1.19 la mwaka 2022 ahadi hiyo imeandikwa rasmi.

Kilichonifikisha hapa ni mashine ndogo ya kutolea risiti. Uzi mmoja, yaani sehemu ya programu inayokimbia sambamba na nyingine, ulichukua bei kutoka kwenye seva, ukaiweka kwenye kigeu *bei*, halafu ukaandika *tayari = 1*. Uzi wa pili ulizunguka ukikiangalia *tayari*. Ukiona 1, unasoma *bei* na kuchapa. Mistari miwili huku, miwili kule. *Tayari* nilikifanya legevu kwa sababu nilisoma mahali kwamba ni haraka zaidi. Laptopu yangu ina prosesa ya x86, aina ya Intel na AMD, nikaiendesha programu usiku kucha bila kosa hata moja. Mashine ya dukani ni ya ARM, aina ya prosesa iliyojaa kwenye simu, na huko risiti zikaanza kutoka na bei 0. Si kila siku: mteja mmoja Jumanne, mwingine wiki mbili baadaye.

Nilisaka kosa kwenye seva, kwenye mtandao, kwenye printa. Sikulisaka kwenye mistari ile minne kwa sababu nilikuwa naisoma kama mtu asomavyo barua, juu kwenda chini. ARM haijawahi kuahidi hivyo. Ukiandika sehemu mbili tofauti za kumbukumbu, kiini kingine cha prosesa kinaweza kuiona ya pili kabla ya ya kwanza. x86 haipindui maandiko yake namna hiyo, ndiyo maana laptopu ilinipa moyo wa bure.

Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliliweka wazi mwaka 1979 jambo ambalo wengi wetu tunalidhania tu: matokeo yawe kana kwamba hatua za nyuzi zote zimepangwa kwenye foleni moja, na kila uzi umebaki na utaratibu wake. Huo ndio mfuatano kamili, na nataka lugha initimizie hilo. Tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa yaliyokukuta mkuu, lakini usiipambe x86 kupita kiasi. Chukua x na y, vyote 0. Uzi A unaandika x = 1 kisha unasoma y. Uzi B unaandika y = 1 kisha unasoma x. Kwa foleni ya Lamport, lazima angalau mmoja asome 1. Endesha kwenye hiyo laptopu yako mara nyingi uone: kuna wakati wote wawili wanasoma 0.

Sababu yake ni hii. Kila kiini ni kama muuzaji anayeandika kwanza kwenye kidaftari cha mfukoni, halafu baadaye ndipo anahamishia kwenye daftari kubwa la duka. Yeye mwenyewe anaona cha mfukoni, wenzake wanaona daftari kubwa tu. A na B wote wameandika mfukoni, wote wakachungulia daftari kubwa, wakakuta halijaguswa. Kumlazimisha ahamishe kila kitu kabla ya kuchungulia ni kumsimamisha kazi, na kusimama huko kunalipiwa.

Sasa wewe unataka kila mtu alipe, hata asiyehitaji. Mfano mzuri ni hesabu ya wanaoshikilia kitu kimoja, kama Arc ya Rust, inayokifuta kitu hesabu ikifika sifuri. Kuongeza moja ni legevu, kwa sababu anayeongeza tayari anakishikilia na hakiwezi kufutwa mikononi mwake. Kupunguza ndiko kunahitaji mpangilio, ili anayefuta awe ameona kazi ya wenzake wote. Hiyo si papara, ni hoja kamili unayoweza kumweleza mtu kwa dakika mbili. Kwa nini nizuiwe?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko upande wa mleta mada, ila kwa sababu nzito kuliko risiti yake.

Kwanza, gharama anayoiogopa mchangiaji wa kwanza imeshuka. Kwenye x86 kusoma kwa mfuatano kamili ni usomaji wa kawaida tu, gharama iko kwenye kuandika. ARM nayo, tangu kizazi cha ARMv8, ina amri maalumu za kusoma na kuandika kwa mpangilio, haihitaji tena kurundika vizuizi vizito kama zamani.

Pili, na hapa naomba mtulie: huo ulegevu wenyewe haujapata maana inayoridhisha kwenye karatasi. Uzi wa kwanza unasoma x, na ukiona 42 tu ndipo unaandika 42 kwenye y. Wa pili unasoma y, na ukiona 42 tu ndipo unaandika 42 kwenye x. Vyote vilianza 0. Je, 42 inaweza kutokea? Kila mtu anasema haiwezekani, itoke wapi? Lakini ukifuata kanuni za C++11 neno kwa neno, hazikuikataza. C++14 ikaja na sentensi kwamba watengenezaji wa kompaila wanapaswa kuzuia thamani za hewani namna hiyo, bila kueleza kwa ukamilifu ni zipi. Java ilijaribu kuzikataza kwa kanuni mpya mwaka 2004, na mwaka 2008 watafiti Ševčík na Aspinall wakaonyesha kwamba kanuni hizo zinakataza hata mabadiliko ya kawaida ambayo kompaila za Java zilikuwa zinayafanya. Tunamkabidhi kijana wa mwaka wa kwanza kazini kitu ambacho wabobezi wamehangaika nacho miaka yote hiyo. Kwa nini?

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mbona hakuna anayewagusa watengeneza prosesa? Apple walipotoa M1, prosesa yao ya aina ya ARM, mwaka 2020 waliiwekea hali ya kufuata mpangilio wa x86, ili programu za zamani zikitafsiriwa zisivurugike. Kumbe inawezekana.

Na kuhusu kufunga mlango, mimi nasema usifungwe, bali anayepita aonyeshe kazi yake. Kiini cha Linux (programu kuu ya mfumo huo endeshi, si kiini cha prosesa) kina kanuni zake za kumbukumbu tangu 2018, unaandika mistari yako michache na programu ya herd7 inakuorodheshea kila matokeo yanayowezekana. Risiti ya bei 0 ingejitokeza pale mezani, kabla ya kufika dukani.

Mleta mada

Nashukuru wote. Nimeliendesha jaribio la mchangiaji wa kwanza, na sifuri mbili zimetokea kabla chai yangu haijapoa. Na hoja yake ya kuhesabu naikubali, kwa hiyo narudi hatua moja: ulegevu ubaki kwa waandishi wa maktaba, sisi wengine tupewe Arc iliyokwisha kutengenezwa.

Kwa mchangiaji wa tatu: prosesa ikiwa na adabu haitoshi, kompaila nayo inapangua mistari kabla prosesa haijaiona. Herd7 nimeipenda sana, lakini inamsaidia anayejua pa kushuku. Mimi sikuwa nashuku chochote.

Tatizo la risiti nililimaliza kwa kubadilisha maneno mawili tu: kuandika *tayari* kukawa kwa kuachilia, kusoma kukawa kwa kupokea, yaani anayeiona 1 lazima aone pia yote yaliyoandikwa kabla yake. Mwenye simu ya ARM yenye viini vinane aendeshe ile mistari minne kama ilivyokuwa kabla ya hapo, aweke matokeo hapa. Nataka kujua kwake inachukua muda gani kukosea.