Je, nasaba ya bibi yangu yaweza kufikishwa kwa watawala wa Welisi?

Mjukuu wa Brecknock
Ndugu wanajukwaa, naomba mwongozo wenu. Bibi mzaa mama alizaliwa Welisi, katika ukoo wa Price wa jimbo la Brecknock. Kwa kufuata vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, ambavyo serikali ilianza kuviandikisha mwaka 1837, na kisha vitabu vya ubatizo vya parokia, nimerudi nyuma hadi kwa mkulima mmoja aliyebatizwa mwaka 1768, na hapo nimekwama. Nimekuta kwenye intaneti shajara ya nasaba, yaani mchoro wa ukoo, inayomuunganisha mkulima huyo na mwana wa Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa mwisho wa Gwynedd, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Welisi, aliyetambuliwa kuwa Mkuu wa Welisi yote. Mama ameniomba niichape aitundike ukutani, nami sitaki kumpa jambo lisilo la kweli. Je, niiamini?

Msoma Nyaraka
Ndugu, usiichape. Llywelyn aliuawa karibu na Cilmeri tarehe 11 Desemba 1282, na mtoto wake pekee anayejulikana ni binti, Gwenllian, aliyezaliwa mwaka huohuo. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alimwondoa angali mchanga, akamweka katika konventi ya Sempringham huko Uingereza ili uzao wa baba yake ukatike, naye akafia humo mwaka 1337 akiwa mtawa. Huyo mwana aliyetajwa kwenye shajara yako ametungwa.

Lakini usikate tamaa, kwa maana babu yake Llywelyn huyo, yaani Llywelyn ab Iorwerth aliyefariki mwaka 1240, aliwaoza mabinti zake kwa mabwana wa mpakani mwa Welisi na Uingereza. Mmoja wao, Gwladus, aliolewa na Ralph Mortimer, na kwa njia hiyo damu ya Gwynedd ikamfikia Mfalme Edward wa Nne. Wazao wa nyumba ile ni wengi mno. Kazi ni kuthibitisha kwamba wewe ni mmoja wao.

Mwana wa Shamba
Naongezea kuhusu jina, kwa sababu naona ndilo lililokukwamisha. Price ni "ap Rhys", yaani mwana wa Rhys, kama vile Powell ilivyotokana na "ap Hywel" na Bowen na "ab Owain". Wenye ardhi wengi walishika majina ya ukoo katika karne ya 16, ilhali wakulima wa kawaida waliendelea kuitwa kwa jina la baba hadi karne ya 18, na wengine hata ya 19. Rees David akimzaa Evan, mtoto huandikwa Evan Rees. Evan naye akimzaa Thomas, huandikwa Thomas Evan, na mgeni akisoma kitabu hicho atadhani hizo ni koo tatu. Kwa hiyo, kabla ya mwaka 1768, mtafute baba aitwaye Rees, wala usimtafute Price.

Kitu kisichobadilika upesi ni jina la shamba. Mimi nilivuka pengo la vizazi viwili kwa wosia wa mjane aliyemwachia mjukuu wake kitanda na ng'ombe mmoja, kwa kuwa alitaja shamba alilokaa. Wosia za kabla ya 1858, zikiwemo za Brecon, mji mkuu wa jimbo lenu la Brecknock, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Welisi huko Aberystwyth, na picha zake zinasomwa bure.

Msoma Nyaraka
Ni kweli kabisa. Ukifanikiwa kufika kwa mwenye ardhi wa karne ya 16, njia iliyobaki ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya kale ya Welisi iligawa ardhi kwa wana wote na kuwatoza jamaa fidia ya damu, hivyo mtu alilazimika kuwajua jamaa zake hadi mbali, na washairi walizitunza nasaba hizo kwa uangalifu. Mtafiti wa nasaba Peter Bartrum alizikusanya hadi mwaka 1500, na Chuo Kikuu cha Aberystwyth kimeziweka wazi kwenye intaneti. Ila ukirudi nyuma ukampita Rhodri Mawr, mfalme wa Gwynedd aliyefariki mwaka 878, soma kwa tahadhari kubwa, kwani kabla kidogo ya hapo historia huchanganyika na hekaya.

Mjukuu wa Brecknock
Nawashukuru sana. Mama ameelewa, na amesema nimchapie hadi kwa yule mkulima tu. Nimerudi kwenye cheti cha ndoa ya mjukuu wake cha mwaka 1841 na kumbe jina la shamba limo. Nilikuwa nalipita nikidhani ni jina la kijiji. Leo jioni naanza na wosia za parokia ile.