Mkate wa kumimina unagoma kuumuka, nimejaribu mara saba. Naombeni ushauri

Chungu Kipya (Jumatano, saa 5:40 usiku)
Habari za usiku wanajukwaa, shikamooni wakubwa.

Mimi ni mzaliwa wa Singida, naishi Mbagala, Dar es Salaam, huu mwaka wa nne. Nimekulia ugali wa uwele na mlenda, mambo ya tui nimeyakuta huku. Tangu mwaka jana najifunza mapishi mapya, nikikosea naandika kwenye daftari. Vitumbua vilinikubali mara ya tatu. Sambusa naziweza, hata manda nasukuma mwenyewe. Ila mkate wa kumimina umenitoa machozi.

Naloweka mchele vikombe viwili, nasaga kwenye blenda na tui, sukari kikombe kizima, iliki, hamira kijiko kimoja cha chai. Nasubiri saa moja na nusu. Kimya. Nikiuoka unatoka umebana kama sabuni ya mche, chini umeungua, katikati mbichi. Kisu kinatoka na utelezi.

Nakosea wapi?

Dereva wa Usiku
Dada pole sana. Mimi sijui kupika ila niko Rangi Tatu, hapahapa Mbagala, hiyo iliyoshindikana usiitupe, napita kuichukua.

Mzee Ukwaju
Tatizo ni blenda. Marehemu bibi yangu kule Pangani alitwanga mchele kwenye kinu, akachekecha, akapika kwa makumbi ya nazi, chini moto na juu ya kifuniko makaa. Sisi wajukuu tulikaa nje tukisikilizia harufu ya iliki. Siku moja kaka yangu alifunua sufuria kabla ya wakati, mkate ukanywea, bibi hakusema naye mpaka Ijumaa. Nyie mnataka kubonyeza kitufe halafu mle.

MwanaMvita
Huku Mombasa twauita mkate wa sinia. Sukari yako ni nyingi, dadangu, hamira huelemewa. Tia nusu kikombe kwanza. Na ute wa yai je? Upige utoe povu, uuchanganye mwishoni kabisa, ndio unaoupa wepesi.

Bi Makumbi
Mwanangu, mchele gani? Umelowekwa muda gani? Na tui ni la nazi ya kukuna au la nini?

Chungu Kipya
Asanteni kwa kunijibu wote. Mchele ni basmati, unalala usiku kucha. Oveni ni mpya kabisa, kwa hiyo siyo oveni. Tui natumia la unga, nalikoroga kwa maji ya moto.

Bi Makumbi
Ya moto kiasi gani?

Chungu Kipya
Ya kwenye chupa ya chai. Nakoroga, namimina kwenye blenda palepale na hamira, nasaga.

Bi Makumbi
Basi umeiua, mwanangu. Hamira ni kitu kilicho hai, ikipita nyuzi 60 haifufuki. Na blenda ikisaga muda mrefu inaongeza joto lake. Tui liache lipoe, uchovye kidole uhisi uvuguvugu tu. Saga mchele na tui mpaka ukipapasa rojo huhisi chenga. Hamira iumue pembeni, kwenye kikombe cha maji vuguvugu na sukari kidogo. Dakika kumi ikitoa povu ndiyo uitie. Isipotoa, usiharibu mchele wako.

Chungu Kipya
Lakini pakiti ya tui imeandikwa kabisa tumia maji ya moto. Nimefuata maelekezo.

Bi Makumbi
Pakiti inakuelekeza kutengeneza tui. Ya hamira haiyajui.

Kinyozi Mstaafu
Samahani dada, ngoja niulize kama kaka. Umesema unajaribu taratibu tangu mwaka jana, sasa ghafla mara saba, oveni mpya, uko macho saa sita usiku. Hii ni oda. Ya lini?

Chungu Kipya
Swali langu lilikuwa la hamira tu.

Kinyozi Mstaafu
Ya lini, dada?

Chungu Kipya
Jumamosi. Mikate 25. Mama mmoja wa mtaa wa pili anaozesha, wageni wanatoka Unguja. Alinitangulizia 120,000, niliongezea akiba yangu nikanunua oveni. Siwezi kurudisha, hela imeshakuwa oveni. Na siyo kwamba nimekurupuka, vitumbua vyangu anavijua.

MwanaMvita
Wageni wa Unguja! Hao mkate huu wameunyonya na maziwa. Huyo mama alionja mkate wako upi mpaka akatoa pesa, na yote saba imebana?

Chungu Kipya
(Jibu hili nimelifuta mara mbili.)

Nilinunua mmoja kwa mama anayeuza Kariakoo. Nilikuwa nataka kuuchunguza tu, nihesabu vitundu, nione rangi ya chini. Ulikuwa mezani yeye alipoingia. Akakata kipande, akasema mashaallah, mkono wako mtamu. Sikumwambia nimeupika mimi. Sikumwambia pia kwamba sikuupika.

Mzee Ukwaju
Huo ni uongo, binti, hata kama mdomo hukuufungua. Harusi ya watu haifanyiwi majaribio.

Dereva wa Usiku
Mzee punguza, mtoto wa watu analia huko. Dada, si umrudie huyo mama wa Kariakoo umpe oda yote? Unapiga faida kidogo, maisha yanaendelea.

Chungu Kipya
Nimelifikiria hilo. Lakini nitakuwa nimemlisha wa mtu mara ya pili. Nataka niupike mimi.

Jicho Kavu
Wakuu mnakunywa chai hapa. Soma vizuri. Mchele unalala usiku kucha, halafu majaribio saba. Kinyozi kamwambia ni ya ghafla, naye hakukana. Usiku mmoja mkate mmoja, hiyo ni wiki nzima, na wiki nzima hiyo mtu hajagundua maji ya moto? Halafu mkate wa Kariakoo umekaa mezani mteja anaingia wakati huohuo. Mimi naona hadithi imepangwa. Kesho ataweka namba tumchangie.

Dereva wa Usiku
Duh. Na mimi nilishaanza kutafuta bajaji.

Chungu Kipya
Sijaomba hela ya mtu na sitaomba. Naloweka ndoo moja usiku, asubuhi naigawa kwa vikombe. Jumatatu nilijaribu mara tatu, jana mbili, leo mbili. Nanakili daftari lilivyo:

Wa 4: maji ya chupa, dakika 90, hakuna kitu.
Wa 5: hamira vijiko 3, bado. Unanuka hamira.
Wa 6: sufuria juu ya gesi badala ya oveni. Chini mweusi.
Wa 7: sukari nimeongeza. Mtoto kala ganda la juu tu, kaniambia mama pumzika.

MwanaMvita
Mimi namuamini. Kuna mtu atunge kwamba kaongeza hamira mara tatu kwenye maji yaleyale ya moto? Hilo hulitungi, unalifanya. Mie mwenyewe nimelifanya.

Jicho Kavu
Sawa, nimekosea kuhusu ndoo. Hilo la mkate mezani bado linanikaa vibaya.

Chungu Kipya
Hata mimi.

Bi Makumbi
Tuache hayo, muda unakwenda. Oveni yako inaingiza sufuria ngapi?

Chungu Kipya
Mbili.

Bi Makumbi
Mikate 25 ni mizunguko 13. Dakika arobaini kila mzunguko, unapata masaa karibu tisa. Ukisaga rojo lote alfajiri, la mchana litakuwa limechacha na kunywea. Saga kwa mafungu, la pili ulitie hamira wakati la kwanza linaingia motoni. Sufuria ipake mafuta, ianze kupata moto mdogo juu ya jiko mpaka uone vitundu pembeni, ndipo uitie ndani ya oveni moto wa juu uive uso. Choma kijiti katikati, kitoke kikavu. Lakini kwanza pika mmoja.

Chungu Kipya (Alhamisi, saa 12:15 asubuhi)
Sijalala. Saa tisa usiku nilikoroga tui nikaliacha dirishani mpaka kidole kikatulia. Hamira kwenye kikombe ilipanda hadi ukingoni, nikakishika kikombe kwa mikono miwili kama kifaranga. Sukari nusu kikombe. Ute wa yai mwishoni. Rojo likaumuka dakika hamsini, juu viputo vinapasuka kimoja kimoja.

Una vitundu! Vidogo, mpaka katikati. Kijiti kimetoka kikavu. Upande mmoja umezidi rangi, nadhani oveni inachoma zaidi kwa nyuma.

MwanaMvita
Mashaallah! Katikati ya muda igeuze sufuria, upande wa nyuma uje mbele.

Bi Makumbi
Hongera, mwanangu. Sasa mpigie yule mama.

Chungu Kipya (saa 2:05 asubuhi)
Nimempigia, nimemwambia yote pamoja na ule wa Kariakoo. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kasema leo jioni anakuja na dada yake wa Unguja waonje wangu, dada ndiye ataamua. Mchele wa vikombe viwili nilikuwa nimeubakiza kwenye ndoo, sasa hivi naenda kununua mayai.