Kikomo cha riba kirudi, au Benki Kuu iachiwe kazi yake?

Muuza mitumba, Kongowea:
Jana tulibishana hapa sokoni hadi chai ikapoa. Jirani yangu ataka Bunge lirudishe ile sheria ya 2016 iliyozuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya msingi inayotangazwa na Benki Kuu ya Kenya. Mie sitaki, na nina kisa. Mwaka wa 2017 nilipeleka benki daftari langu la mauzo, nikiomba 200,000 za marobota. Karani alifunua kurasa mbili, akalifunga, akaniuliza kama nina hati ya shamba. Shamba nilitoe wapi, nami nimepanga chumba Kisauni? Riba ilikuwa asilimia 14, nafuu kabisa, lakini ya wenye hati. Benki ziliona heri kuikopesha serikali. Sheria ikafutwa Novemba 2019, wala sikuililia.

Riba ni rungu la Benki Kuu la kuilinda shilingi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, robota likawa halishikiki. Februari riba ya Benki Kuu ikapandishwa hadi asilimia 13, na Machi haijaisha dola imerudi karibu 130.

Mwalimu mstaafu, Tononoka:
Hapo mwanangu umeruka hatua. Mwezi huohuo wa Februari serikali ilikopa upya ng'ambo, ikalipa sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Hofu ya kushindwa kulipa ndiyo iliyotoka, dola ikalegea. Riba ilisaidia, sikatai, ila usiipe sifa zote.

Tena rungu lenyewe lapiga upande mmoja. Agosti 2024 Benki Kuu ilipoanza kushusha riba, benki zilijikokota hadi Benki Kuu yenyewe ikazikemea. Kupandisha ndiko wanakokujua. Katiba, Kifungu cha 231, yasema Benki Kuu haiamrishwi na mtu. Vyema. Je, hizi benki nyingine nani aziamrishe?

Mama wa Kibokoni:
Asalaam aleikum. Nanyi mwazungumza kana kwamba mji mzima wala riba! Mie friji langu la barafu na ubuyu nilinunuliwa na benki ya Kiislamu, wakaniuzia kwa faida, nalipa kila mwezi. Mkataba halali, alhamdulillahi. Nikauliza hiyo faida yapigwaje hesabu. Kijana wa benki akacheka kidogo, akanionyesha riba ya Benki Kuu. Kwa hivyo ikipanda, mteja mpya wa benki hiyo aumia pia, kikomo kiwe kipo au hakipo.

Muuza mitumba, Kongowea:
Waleikum salaam, mamangu. Mwalimu, la deni la Juni nimekubali. Lakini kikomo bado sikitaki. Nataka benki ilazimishwe kuniandikia kwenye karatasi moja: riba ya Benki Kuu hii, nyongeza yetu hii, na mbona wewe tumekuongeza zaidi ya mwenzako. Daftari langu lisomwe hadi mwisho kwanza. Jirani yangu hapa atikisa kichwa, asema karatasi watakuandikia na pesa hutaona.

Mwalimu mstaafu, Tononoka:
Jirani yako namuunga mkono. Mwambie Jumamosi naja hapo, aniwekee shati la mikono mirefu.