FUNDI WA WAIFAI AMESHIKA KITAMBAA CHA MAMANGU KAMA PANYA ALIYEKUFA!!!

MamaKiamunyi:
Wasimamizi, msiufute uzi huu. Naandika mikono ikitetemeka, na natumia data ya simu kwa sababu waifai yenyewe HADI SASA haipo.

Siwataji. Mnawajua. Wale ambao ukichelewa kulipa nusu siku wamekukata kabla jogoo hajawika, lakini ukiwa na shida wewe ndiye wa kuwatafuta kama ng'ombe aliyepotea. Siku 11 nimewapigia. Ule muziki wao wa kungojea umetuingia mpaka watoto wanauimba wakiosha vyombo. Mtu akishika simu ni wimbo mwingine: "Mama, zima ruta, ngoja dakika mbili, uwashe." Nimezima na kuwasha mpaka swichi ya ukutani imelegea. Nimebonyeza hata kile kitundu cha nyuma kwa sindano.

Leo chama kilikuwa kwangu. Wanawake wote wako sebuleni, chapati ziko mezani, na mwenzetu aliye Doha anangoja tumpigie kwa video tuamue nani anachukua mzunguko ujao. Mlango ukagongwa. Fundi! Nikasema kweli Mungu si Athumani.

Kijana akaingia na viatu vyake vya matope. Hakusalimia hata wale wazee wa kumzaa. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la TV. Juu ya ruta kuna kitambaa cheupe chenye pindo la samawati, alichokifuma marehemu mamangu mwaka wa 1994 tukikaa Njoro. Akakiinua kwa vidole viwili. VIDOLE VIWILI! Kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye debe la unga. Akakipeperusha mbele ya chama kizima akasema: "Mama, umefunika mtandao blanketi, ndio maana umelala."

Wakacheka. Mweka hazina alicheka akashika mbavu.

Jamani, taa ya ruta ni NYEKUNDU. Ile ya LOS. Imekuwa ikipepesa siku zote 11, nyekundu kama pilipili. Maana yake mwanga haufiki kutoka nje. Kitambaa cha mamangu kinahusikaje na mwanga unaopita ndani ya waya? Nikamwita dirishani nimwonyeshe: pale kwenye nguzo, tawi la mjakaranda limelalia waya wao tangu ile mvua ya mawe, waya umekunjika kama kiwiko. Nilimwambia mara tatu aangalie nguzo. Akaangalia chapati.

Akaipiga picha ruta, akabonyezabonyeza simu yake, akaenda. Hata hajafika geti, ujumbe ukaingia: "Tatizo limetatuliwa. Chanzo: mteja kufunika kifaa." MTEJA KUFUNIKA KIFAA! Na kitambaa chenyewe alikiacha sakafuni, pale pale aliposimama na yale matope. Kwanza vidole viwili, halafu sakafuni.

Wa Doha tulimpata kwa simu ya mweka hazina. Akifungua mdomo, picha inaganda mdomo ukiwa wazi. Mzunguko umeahirishwa.

Nataka huyo kijana arudi aniombe msamaha mbele ya wanawake wale wale.

Mkaazi_Lanet:
Huyo namjua! Si ni yule anayetembea na ngazi asiyoipanda? Kwangu aliiegemeza ukutani akatundika koti.

Kijana_FreeArea:
Lakini mama, na wewe, ruta unaivisha ya nini? Inasikia baridi ya Kiamunyi? Rimoti nayo najua iko ndani ya nailoni.

MamaKiamunyi:
Rimoti iko kwenye nailoni yake na haijawahi kuharibika. Soma tena nilichoandika. Taa NYEKUNDU. Vidole VIWILI.

Kijana_FreeArea:
Ulitaka atumie vingapi?

Fundi_wa_Naka:
Mimi kazi yangu ni kuvuta hizi nyaya, si za hao. Kitambaa hakizuii waifai kwa kiasi cha wewe kuona tofauti. Ila ruta hupata joto ikifunikwa, kwa hivyo kitandaze chini yake, si juu. LOS nyekundu ni habari nyingine kabisa. Ndani ya ule waya kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ukikunjwa sana mwanga unavuja, ukivunjika ndio basi, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakousaidia. Mama yuko sawa, kijana alipaswa kuanzia kwenye nguzo.

Usipande kuusukuma huo mti mwenyewe, nguzo nyingine zina stima. Piga picha taa, piga picha tawi, peleka malalamiko kwa maandishi upewe namba. Wakinyamaza, ipeleke namba hiyo kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Na tafadhali sana, usiguse tena kile kitundu kwa sindano! Hapo unaweza kufuta mipangilio yote, laini irudi na bado usipate mtandao.

MamaKiamunyi:
Asante mwanangu. Umeona? Nguzo! Nilisema nguzo mara tatu!

Nyar_Migosi:
Afadhali wewe una taa nyekundu, unajua umekufa. Mimi huku Kisumu taa zote ni kijani, jikoni mtandao unakimbia, chumbani hakuna kitu. Nikapiga simu, wakaniuzia kifurushi kikubwa zaidi. Sasa nalipa zaidi na chumbani bado hakuna kitu.

Fundi_wa_Naka:
Ruta iko wapi?

Nyar_Migosi:
Jikoni, nyuma ya friji, kando ya maikrowevu. Ndipo penye soketi.

Fundi_wa_Naka:
Woi. Friji ni ukuta wa chuma. Maikrowevu nayo ikiwaka inapiga kelele kwenye gigahezi 2.4, pale pale waifai inapoongea. Itoe huko, iweke juu ya kabati katikati ya nyumba. Ile waifai ya gigahezi 5 ina kasi lakini kuta za mawe zinaichosha. Ya 2.4 inafika mbali ila kwenye ploti kila jirani yuko hapo, kwa hivyo kwenye mipangilio ya ruta jaribu chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Na kabla ya kununua kifurushi kingine, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya upime. Kwa waya ikikimbia, laini haina makosa, shida iko ndani ya nyumba.

Nyar_Migosi:
Kwa hivyo pesa yangu ya miezi minne imeliwa na friji?

Shemeji_Kakamega:
Nyinyi mna bahati. Huku kwetu radi imeniulia ruta mbili mwaka huu. Ngurumo ikianza tu mke wangu anakimbilia soketi kabla ya kuanua nguo. Na ruta ya tatu wanataka niinunue mimi!

Mzee_Kondele:
Waifai, waifai. Mwenye ploti yangu ameweka mita MOJA ya maji kwa nyumba 12. Mimi naishi peke yangu. Jirani ana watoto sita na anafuga bata. Bili tunagawana sawa. BATA wanaoga kwa pesa yangu!

Mkaazi_Lanet:
Wa kwangu anatoza pesa ya taka na lori la taka sijaliona tangu nihamie.

Shemeji_Kakamega:
Wa kwangu amepaka rangi geti akapandisha kodi nyumba zote. Geti!

MamaKiamunyi:
Tafadhalini turudi kwenye mada. Alikiinua kwa vidole viwili mbele ya

Mzee_Kondele:
Mama, vidole tumevisikia. Nyumba 12, mita moja.

Kijana_FreeArea:
Mzee, bata ni wangapi?

Mzee_Kondele:
Tisa. Na wana beseni lao.

Binti_Njoro:
Samahani kuingilia. Mama, hilo pindo la samawati ni la mananasi au la vikombe? Natafuta mtu wa kunifumia seti nzima ya sebule kabla wageni wa mahari hawajafika. Uzi nitanunua mimi.

MamaKiamunyi:
La mananasi. Mama alinifundisha, naweza kulifuma nimefumba macho. Una viti vingapi?

Binti_Njoro:
Saba, na meza. Na ya TV.

Mzee_Kondele:
Sasa amefunga maji. Nina sabuni machoni.