Mjadala: Je, mjukuu ana haki ya kumhoji bibi yake mbele ya kamera kuhusu alichokinyamazia?

Mada ninayoileta inamhusu Asmae El Moudir, mwongozaji wa filamu kutoka Morocco. Mwaka 2023, kwa filamu yake ya hali halisi iitwayo Kadib Abyad, alipata katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, tuzo ya uongozaji katika kitengo cha Un Certain Regard, akagawana na Mtunisia Kaouther Ben Hania tuzo ya L'Œil d'or inayotolewa kwa filamu za hali halisi, na kabla mwaka haujaisha filamu hiyo ikawa ya kwanza ya Morocco kutwaa tuzo kuu ya tamasha la Marrakech. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka 10. Umahiri wake haubishaniwi sana. Kinachobishaniwa ni kwamba aliwaketisha wazazi wake, majirani na hasa bibi yake mbele ya kamera, akawataka waseme yaliyofichwa nyumbani kwao tangu kabla yeye hajazaliwa.

Yaliyofichwa ni haya. Mwishoni mwa Mei 1981, serikali ya Mfalme Hassan wa Pili, ikiwa imeelemewa na madeni, ukame na gharama za vita vya Sahara Magharibi, ilipandisha bei za vyakula vya msingi kama unga, sukari, mafuta na maziwa. Tarehe 20 Juni shirikisho la wafanyakazi la CDT liliitisha mgomo, na vitongoji vya kimaskini vya Casablanca vikalipuka kwa hasira. Polisi na askari walifyatua risasi mitaani. Serikali ilitangaza kuwa waliokufa ni 66. Wapinzani wake walisema wamepita 600. Hesabu haikuweza kupatana kwa sababu maiti zilichukuliwa na kuzikwa kwa siri, na ni mwishoni mwa 2005 tu ndipo kaburi la pamoja lilipofukuliwa katika eneo la kikosi cha zimamoto mjini humo. Picha za siku ile ni haba mno.

Nyumba ya akina El Moudir ilikuwa katika mojawapo ya vitongoji hivyo. Bibi alikuwa amepiga marufuku picha zote ndani ya nyumba, isipokuwa ya mfalme. Mjukuu alikua akiwa na picha moja tu ya utotoni, na hata hiyo hakuamini kwamba aliyemo ni yeye. Alipokosa kumbukumbu za kutumia, alimwomba baba yake, ambaye ni fundi uashi, auunde upya mtaa wao kwa umbo dogo, nyumba kwa nyumba, pamoja na visanamu vya udongo vya wakazi wake, huku mama akivishonea nguo. Mbele ya mtaa huo mdogo ndipo watu wazima walipoanza kusimulia, akiwemo jirani aliyewahi kukamatwa na kusongamanishwa na wenzake katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Inatajwa pia habari ya binti mdogo wa mtaani aliyeuawa, ambaye mwili wake familia haikukabidhiwa.

Wapo wanaosema kwamba filamu yenye visanamu haistahili kuitwa ya hali halisi. Hoja hii sioni kama ina uzito. Aliyenyang'anywa ushahidi hawezi kudaiwa ushahidi uleule, na udongo ule haumdanganyi mtazamaji, kwa kuwa mikono inayoufinyanga inaonekana waziwazi.

Hoja nzito ni ya bibi. Wanaompinga mwongozaji wanasema kwamba mtu mzima aliyechagua kunyamaza ana haki ya kuzikwa na ukimya wake, na kwamba mjukuu kumsaili mbele ya watu wasiomjua ni kumvunjia heshima, hata kama mwenyewe alikubali kuketi hapo. Naielewa hoja hii kwa sababu nimelelewa katika heshima hiyohiyo. Hata hivyo siikubali, kwani ukimya ule haukuwa mali ya bibi peke yake. Ulipandwa na dola ndani ya nyumba ya raia, kisha ukatawala maisha ya watoto na wajukuu ambao hawakuwa na sehemu katika uamuzi huo. Hofu ya bibi mmoja ilipogeuka kuwa sheria ya nyumba, waliokua chini ya sheria hiyo walipata haki ya kuuliza chanzo chake. Na bibi mwenyewe si mtu wa kuonewa ovyo: anafoka, anakataa, anaonyesha wazi kwamba sanamu yake imemchukiza, na mwongozaji ameyaacha yote hayo yaonekane.

Ninapotofautiana na wanaoisifu filamu hii bila kiasi ni juu ya nani anayebeba mzigo wa kujibu. Mwaka 2004 Morocco iliunda Tume ya Haki na Maridhiano, chini ya Driss Benzekri, ambaye mwenyewe alifungwa kwa miaka 17 kwa sababu za kisiasa. Tume ilichunguza ukiukaji wa haki uliotokea kati ya 1956 na 1999, ikasikiliza mashahidi hadharani na kupendekeza fidia, lakini haikuwa na mamlaka ya kumshtaki mtu, na mashahidi hawakuruhusiwa kuwataja waliowatesa. Matokeo yake ni kwamba kamera ya 2023 inapotafuta mtu wa kuhojiwa, inayemfikia ni kikongwe mwenye fimbo. Leïla Kilani, katika Nos lieux interdits ya 2008, alizifuata familia za waliopotezwa wakati ambapo Tume ilikuwa bado kazini, kwa hiyo maswali ya familia yalikuwa na mahali pa kwenda nje ya nyumba. Kwangu mimi mzigo pale uligawanywa kwa uadilifu zaidi, ingawa ni haki kukumbuka kwamba El Moudir alifika wakati mlango huo ulikwisha fungwa.

Kuhusu madai kwamba siri za Waarabu zimeuzwa Ulaya, itoshe kusema kwamba filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Morocco, Misri, Saudi Arabia na Qatar, na kwamba ni Morocco yenyewe iliyoipeleka kuiwakilisha katika tuzo za Oscar, ikafika orodha ya 15 bora.

Ninaowaomba wajibu kwanza ni wale wanaotetea ukimya wa bibi. Ikiwa mjukuu hana haki ya kumuuliza, na Tume haikuwa na uwezo wa kumshtaki yeyote, familia ya yule binti imuulize nani mwili wake ulipo?